Uso wa Zuleica Ndani ya Mashine

Ibraimo Abdurrazaque ana mashine mbili za fotokopia katika kibanda chake hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa miaka miwili na nusu alifanya kazi na moja tu. Ile ndogo, aliyoinunua baada ya sisi kurudi kutoka ukimbizini, ilikaa mezani ikitoa kopi za watu. Ile kubwa ilikaa pembeni imefunikwa kanga ya bluu, na ole wako uiegemee. Siku moja mvua ilinikurupusha nikaingia kwake mbio na kuweka beseni langu la unga juu ya ile kubwa. Mtu huyu mpole, ambaye hata kuku akiingia dukani humwomba atoke, alinishika mkono, akaliondoa beseni na kuliweka chini. Nilimnunia siku mbili nzima.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Esperança, natoka Mueda, kule nyanda za juu, nauza chapati na maharage mlango wa pili. Kati yetu kuna ukuta wa mabati tu, kwa hiyo mengi ninayoyasimulia si ya kuhadithiwa.

Zuleica alikuwa mke wa Ibraimo. Alikuwa mrefu, mkali, akicheka anacheka kwa pua. Hakupenda kupigwa picha. Alisema picha humfanya aonekane kama mtu anayengoja sindano. Alikuwa na mbili za harusi, ambazo ziliungua pamoja na nyumba, na nyingine ile ya kwenye bilhete, yaani kitambulisho. Bilhete yake ya kwanza, pale panapotakiwa saini, iliandikwa *não sabe assinar*, hajui kutia saini. Maneno hayo yalimkera mno. Basi Ibraimo akamfundisha, pale pale kwenye meza ya duka, wakiandika upande wa nyuma wa kopi zilizoharibika. Wiki sita. Nilikuwa nikipita na sinia langu namwambia, "Dada, hiyo Z yako imekaa kama msumari uliopinda," naye ananijibu nikaangalie chapati zangu, maana zimepinda zaidi. Mwisho akajua. Akaenda kuomba bilhete mpya, na safari hii akatia saini kwa mkono wake mwenyewe.

Bilhete hiyo ilikuwa na miezi mitatu tu vita vilipoingia Palma. Jumatano ile ya Machi, Zuleica alikuja dukani kutoa kopi ili aombe kazi ya jikoni kwenye kambi moja ya kampuni ya gesi. Ibraimo ndiye aliyemwambia aje siku hiyo, kwa sababu Jumatano wateja ni wachache. Akaiweka bilhete kwenye kioo, akaikuza mara mbili ili karani asinung'unike kwamba haioni, akabonyeza. Mashine ikaanza kuguruma, na umeme ukakatika. Halafu tukasikia bunduki upande wa uwanja wa ndege. Zuleica hakuwa mtu wa kusahau hati. Aliinua mfuniko, akachukua bilhete yake kwenye kioo, akaitia kifuani, wakakimbia wameshikana mikono. Kwenye barabara ya kushukia ufukweni umati uliwaachanisha. Ibraimo alijificha siku tisa kwenye minazi ya Quionga, kijijini kwa mama mkwe wake, akimngoja. Tangu siku ile hakuna aliyemwona Zuleica, wala aliyesema amemzika.

Ibraimo alinisimulia haya yote huku akipanga karatasi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la ukutani. Nilimwona hana moyo. Anakula, anasalimia, Ijumaa anakwenda msikitini, na mkewe hajulikani alipo. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi huo wake niliuona mwepesi kweli. Baadaye nilikumbuka kwamba kaka yangu Jacinto nilimzika kijijini Awasse asubuhi, na mchana wake nikatwanga mahindi, nikapika, nikaosha vyombo. Sikulia siku hiyo wala siku nyingine. Sote tulikuwa hivyo. Nilikuwa namkasirikia mwenzangu kwa ugonjwa nilionao mimi.

Siku niliyomuuliza kwa nini mashine ile haiguswi, hakunijibu moja kwa moja. Aliichana karatasi vipande vidogo akavimwaga mezani, akachukua kitana cha plastiki, akakisugua kwenye nywele zake kavu, kisha akakishusha karibu na vile vipande. Vikaruka na kuning'inia kwenye kitana.

"Umeona, mana?" alisema. Anapenda kuniita mana, dada kwa Kireno. "Ukisugua vitu viwili, kimoja kinamnyang'anya mwenzake chembe za umeme, ndogo hata jicho halizioni. Huyu amezidiwa, yule amepungukiwa, na kila mmoja anatafuta wa kusawazisha naye. Umeme wa waya unatembea. Huu umekaa tu hapo ulipo, hauna pa kwenda. Ndiyo maana unaitwa umeme tuli."

Nikamwambia huo naujua. Utotoni Mueda, miezi ya baridi, tulikuwa tukivuta blanketi la nailoni usiku linalia chra-chra na kutoa cheche, na bibi yetu akisema lina chawa wa moto. Ibraimo alicheka kidogo, kwa mdomo tu.

"Ni huo huo. Huko kwenu baridi ni kavu. Hapa pwani hewa imelowa, vitu vinashika unyevu na umeme unavujia humo kabla haujamuuma mtu. Lakini upo. Madereva wa malori ya mafuta zamani walikuwa wakiburuta mnyororo barabarani ili umeme ushuke ardhini, maana cheche moja kwenye petroli inatosha."

"Na mashine?"

"Mashine ni kitana kikubwa." Akaenda akasimama karibu na ile kanga ya bluu. "Ndani kuna silinda. Inapakwa umeme gizani, mwili mzima. Halafu mwanga unapigwa kwenye hati yako na kurudi kwenye silinda. Pale hati ilipo nyeupe mwanga unarudi, na umeme unakimbia. Pale penye weusi mwanga haurudi, umeme unabaki. Kwa hiyo silinda inakuwa na sura yako ya umeme ambayo hakuna anayeiona. Ukija unga wa wino, unashika pale tu penye umeme. Karatasi inapita chini na umeme wake wenye nguvu zaidi, inainyang'anya silinda ule unga. Mwisho karatasi inabanwa na roli za moto, unga unayeyuka, unagandana nayo. Pronto, una kopi."

"Na umeme wa kwenye waya ukikatika katikati?"

"Kabla ya roli za moto?" Aliinyoosha ile kanga. "Basi ile sura ni vumbi tu lililolala juu ya karatasi. Ukilipuliza, limekwenda."

Hapo ndipo nilipoelewa. Karatasi ya Zuleica ilikuwa bado mle ndani. Waliovunja duka walibeba karatasi nyeupe, chaja, hata kiti. Ile mashine iliwashinda uzito. Ibraimo aliporudi alifungua mlango wa ubavuni mwa mashine akamulika kwa tochi. Karatasi ilikuwa imenasa, ukingo wake mtupu umeumwa na roli za moto, na sehemu yenye uso iko chini ya chuma, haionekani wala simu haiwezi kuipiga picha. Alichokiona ni kipande cha chini, saini. Akafunga mlango, akaifunika kanga ya mkewe. Miaka miwili na nusu. Nadhani kwake ilikuwa afadhali awe humo ndani, hata kama ni vumbi, kuliko kumtoa na kumpoteza tena.

Aliyevunja hali hiyo ni mama mkwe wake, bibi Saquina wa Quionga. Septemba iliyopita lilikuja shirika linalotafuta watu waliopotea. Walisema watapita Palma Alhamisi, kila familia ilete picha, nao watazionyesha Pemba, Nampula, hata kambi za ng'ambo ya Ruvuma. Picha ya Zuleica ipo kwenye kompyuta fulani ya ofisi ya bilhete mbali huko, tuliambiwa, tumeandika barua mbili na tunangoja. Jirani mmoja, Virgílio, akasema mbele ya bibi, "Asiyekuwepo na lake halipo." Nilimfukuza kwenye benchi langu na chapati yake mkononi. Methali nayo ina pahala pake.

Bibi Saquina alifika Jumatano asubuhi, kwa miguu na kwa pikipiki. Kifuani alikuwa na mfuko wake wa plastiki. Nieleze jambo hili kwa asiyekaa kwetu. Tangu vita, watu wa huku hatuachi hati nyumbani. Tunazitia kwenye mifuko ya plastiki, tunazifunga kifuani au kiunoni, tunalala nazo, tunaoga nazo zikiwa zimening'inizwa mlangoni. Mvua inanyesha, mto unavukwa, na karatasi inabaki kavu. Ukiona mtu hapa hana plastiki kifuani, jua ni mgeni. Bibi alileta na mfuko mwingine mdogo, mpya, wa ukubwa wa bilhete.

"Huu ni wa mwanangu," aliniambia. "Nimemnunulia jana."

Ibraimo alikataa kwanza. "Mama, ikitoka vibaya imetoka. Hakuna nyingine."

"Na ikikaa humo," alisema bibi, "kuna nini? Nani atamwona humo? Panya?"

Ibraimo akasema sawa.

Alijiandaa kama mtu wa kazi. Aliiwasha mashine ndogo na kuizima katikati mara tatu, akapata karatasi tatu zenye unga ambao haujaiva. Akaniomba jiko langu na kikaango cha chuma. "Joto la kukausha karanga, mana, si la chapati." Wazo lilikuwa kuilaza karatasi juu ya chuma cha moto, unga ukiwa juu, hakuna kinachougusa, uyeyuke kwa joto la kutoka chini. Karatasi ya kwanza iliungua. Ya pili aliisogeza mapema, maandishi yakafutika. Ya tatu unga uling'aa kidogo, na alipousugua kwa kidole haukutoka. Akanyunyiza maji sakafuni ili chumba kipate unyevu, kwa sababu siku hizo palikuwa pakavu, kanga zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Akavua fulana yake ya mpira wa miguu, ya nailoni, akabaki kifua wazi. Akashika nondo ya dirisha ili umeme wa mwilini ushuke. Akatuambia tusipumue upande wake.

Bibi Saquina alikaa kwenye kigoda, akawa anausafisha ule mfuko mdogo. Aliusugua kwa mtandio wake, mbele na nyuma, taratibu, kwa muda mrefu, kama anavyofanya mtu anayemwandalia mgeni sahani. Nilimwona. Kitana na vipande vya karatasi nilishaonyeshwa, na habari ya kusugua nilishaelezwa, na bado nilimtazama akisugua, nikafikiri tu kwamba mama huyu anampenda mwanawe.

Ibraimo alifungua mlango wa ubavuni, akalegeza roli, akaivuta karatasi kwa ncha za vidole. Sijui alitumia muda gani. Mwisho ikatoka nzima, akailaza mezani.

Alikuwa yeye. Mtandio wake, macho aliyoyakaza kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka, alama ya tetekuwanga shavuni. Mweusi, mkubwa mara mbili, hai kuliko nilivyokuwa namkumbuka. Chini yake jina, na chini ya jina, saini. Bibi alisema "mwanangu" polepole, kwa kuzuia pumzi. Mimi sikuhisi kitu, na nilijua kwamba sihisi, nikaona aibu.

"Msiguse," alisema Ibraimo. "Nachukua simu, kwanza nimpige picha." Simu ilikuwa kwenye rafu inachaji. Hatua nne.

Upepo ulipita chini ya mlango. Ukingo wa karatasi ukanyanyuka kidogo tu. Bibi Saquina, ambaye amevuka mto na hati kifuani, ambaye kila kitu alichookoa maishani alikiokoa kwa plastiki, alifanya kile ambacho kila mtu wa huku angefanya. Aliushusha ule mfuko juu ya uso wa mwanawe, amfunike.

Hata haukugusa sawasawa. Unga uliruka, kama vile vipande vya karatasi vilivyorukia kitana.

"Mama, usiinue," alisema Ibraimo, bila kupaza sauti. Lakini bibi alikwisha kushtuka na kuuinua. Uso ulikuja na plastiki. Kwa kitambo kidogo ulikuwa pale, umegeuka, alama ya tetekuwanga imehamia shavu la pili. Kisha mfuko ukajikunja mkononi mwa bibi, na alipojaribu kuunyoosha kwa kidole gumba ukabaki weusi mtupu, kwenye plastiki na kwenye kidole.

Bibi Saquina alikitazama kidole chake. "Nimemfuta," alisema. "Nimemfuta mwanangu."

Nilimwangalia Ibraimo. Nilitaka apige kelele, alie, aipige teke mashine, afanye chochote. Alirudisha simu kwenye rafu. Akaja mezani, akaitazama karatasi. Pale penye uso palikuwa na kivuli kama masizi. Jina lilikuwa limeliwa nusu. Saini, ambayo mfuko mdogo haukuifikia, ilikuwa nzima. Akaishika karatasi kwa pembe mbili, akaibeba mpaka kwenye kikaango changu, akailaza. Moshi mwembamba, harufu ya kopi mpya, ile inayosikika asubuhi ukipita mlangoni kwake. Aliinama akiitazama mpaka wino ukang'aa. Akaiondoa, akaipuliza. Kwanza kwa mbali, kisha kwa nguvu.

"Yuko wapi?" aliuliza bibi. Hakujua kusoma, kwake karatasi ile ilikuwa imebaki nyeupe.

"Huyu hapa, mama." Ibraimo alimwekea karatasi magotini na kumwonyesha. "Hii aliandika yeye, kwa mkono wake. Hii ndiyo Z, hapa anapinda. Hapa aliinua kalamu kidogo, alikuwa na tabia hiyo, nikamwambia asiinue, akakataa. Picha alipigwa na mtu mwingine, mama. Hii hakuna mwingine aliyeifanya."

Bibi alipitisha kidole safi juu ya saini, akaogopa, akakiondoa.

"Haitoki?"

"Haitoki. Imeiva."

Akapitisha tena. Kisha akalowesha kidole kwa mate, kama mama anavyomfuta mtoto shavu, akasugua. Akasugua kwa nguvu, kwa hasira, mpaka kigoda kikalia. Saini ilibaki. Mimi ndipo nilipolia, kwa sauti, nikiwalilia Zuleica na Jacinto wa Awasse pamoja, na nilishindwa kunyamaza. Ibraimo aliningoja nimalize.

"Mana," aliniuliza, "kikaango chako hakijaharibika?"

"Hakijaharibika," nikamwambia.

Jioni ile aliitoa kanga ya bluu kwenye mashine kubwa, akaikunja, akaanza kusafisha roli kwa kitambaa. Alisema huenda bado inafanya kazi.

Alhamisi binti wa shirika alikaa na fomu zake kwenye kivuli cha duka. Zamu yetu ilipofika aliandika jina, umri, siku na mahali pa kupotea. Kisha akaomba picha. Bibi Saquina alitoa mfuko wa plastiki kifuani, akaitoa karatasi, akaiweka mezani.

Binti aliigeuza mbele na nyuma. "Mama, hii si picha. Hii ni saini tu."

Bibi akamshika mkono yule binti, akauweka juu ya karatasi.

"Sugua," alimwambia. "Sugua uone kama atatoka."